Majibu Hasi ya Siliaki: Kwanza Niambie Ulikuwa Unakula Nini

"Daktari, siliaki nilishapima, niko hasi." Sawa. Wakati unatolewa damu ulikuwa unakula nini? "Aah, ngano niliacha kitambo, inanijaza gesi." Basi siliaki, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utumbo mtu anapokula gluteni (protini ya nafaka za ngano, shayiri na rai), hujapima. Umepima damu ya mtu asiyekula ngano, na mashine imesema kweli tupu.

tTG-IgA, inayotafutwa kwenye damu hiyo, ni kingamwili ambayo mwili wa mwenye siliaki huitengeneza kwa kuchokozwa na gluteni. Ukiacha ngano, shayiri na rai, huanza kushuka ndani ya wiki chache, na baada ya miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, hurudi chini ya kikomo cha kawaida. Ndiyo maana wagonjwa waliokwisha kuthibitishwa tunawafuatilia kwa kipimo hicho hicho, kuona kama wanashika mlo. Sasa kipimo tunachofurahia kikishuka mtu akiacha ngano, kitamkamataje aliyekwisha kuiacha?

Huku kwetu kuna mtego mwingine ambao vitabu vya Ulaya haviutaji. Mtu anaapa hajaacha chochote, lakini wiki nzima ni ugali, wali, muhogo na ndizi, chapati ni ya Jumapili. Vyote hivyo vya wiki havina gluteni. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, unataka gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6 kabla ya damu. Kwa hesabu ya jikoni, chapati iliyokula gramu 50 za unga wa ngano ina protini kama gramu 5, na karibu gramu 4 kati ya hizo ni gluteni. Chapati asubuhi na vipande viwili vya mkate jioni vinatosha kabisa. Kuna wanaoridhika na gramu 3 kwa siku kwa wiki 2. Kwa biopsi (kipande cha utumbo kinachokatwa na kuangaliwa kwa darubini) naelewa, ila kwa damu siiamini hesabu hiyo, maana kingamwili hupanda polepole na utumbo unaweza kuwa umeshachubuka huku karatasi ikiwa bado safi. Mtoto mdogo au anayebalehe usimrudishie ngano kwa uamuzi wako wa nyumbani. Na kama hujaacha, usiache mpaka upimwe.

Haya, karatasi ya majibu. Kabla ya tTG tafuta mstari wa IgA jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina ya IgA. Haupo? Rudi maabara. Kati ya wenye siliaki 100, wawili au watatu hawana IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA husoma chini hata vijidole vya utumbo vinavyofyonza chakula vikiwa vimelala bapa. Hao wapimwe kingamwili za aina nyingine, IgG: tTG-IgG au DGP-IgG. Kipimo cha zamani cha kingamwili za gliadini (sehemu ya gluteni) kiacheni kilale.

Kuhusu namba, acheni kulinganisha 35 yako na 60 ya dada yako. Kila kitendanishi (kemikali ya maabara ya kupimia) kina kikomo chake: huyu 7, yule 10, mwingine 20. Gawa majibu yako kwa kikomo kilichoandikwa pembeni, upate ni mara ngapi. Hapo ndipo ile kanuni ya watoto ya Ulaya ina maana: tTG-IgA ikifika mara 10 ya kikomo, na EMA (kingamwili nyingine ya siliaki) ikawa chanya kwenye damu ya pili, mtoto anaweza kuthibitishwa bila biopsi. Lakini angalia vizuri. Maabara ikiandika ">100" na kikomo ni 15, mara 10 ni 150. Hatujui kama umefika. Ulichothibitisha ni mara 6 na ushee. Sampuli izimuliwe, yaani ipunguzwe ukali, ipimwe tena. Nusu ya ubishi ninaouona kuhusu "mara kumi" ungeisha kwa hatua hiyo moja.

Kwa watu wazima bado napenda biopsi: angalau vipande vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) na kimoja au viwili kwenye balbu, sehemu yake ya kwanza. Uingereza ilianza kuwaruhusu baadhi ya watu wazima kuiruka wakati wa Korona. Huenda wako sahihi, mimi bado nasita.

Kinachonitesa zaidi ni chanya ndogo, mara moja na nusu au mbili ya kikomo. Huweza kuonekana kwenye kisukari aina ya 1, ugonjwa wa ini, hata baada ya maambukizi, kisha ikapotea yenyewe. Biopsi ikiwa safi, mwingine atakuambia acha ngano leo, mwingine endelea kula tukupime tena baada ya miezi. Mimi niko upande wa pili, ingawa mwenye dalili kali hunitikisa.

Kipimo cha jeni za HLA hakijali umekula nini. Ukikosa DQ2 na DQ8, aina mbili za jeni hizo zinazohusishwa na siliaki, zote, siliaki karibu tunaifuta. Kuwa nazo hakuthibitishi kitu: theluthi hivi ya Wazungu wanazo, na wengi wao wanakula mkate wao kila asubuhi bila neno.