Linux Huandika Kwenye NTFS Bila Kuharibu Faili

Ushauri huu bado unazunguka: ukiweka Linux na Windows kwenye kompyuta moja, sehemu ya diski ya pamoja iwe FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili kwenye diski, kwa kuwa Linux ikiandika kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, itaharibu faili. Zamani tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Lakini draiva ya NTFS-3G, programu inayoiwezesha Linux kusoma na kuandika kwenye NTFS, ilifikia toleo imara mwaka 2007, na tangu 2021 kiini (kernel) cha Linux chenyewe, kuanzia toleo la 5.15, kina draiva ya ntfs3.

Anayeng'ang'ania FAT32 ndiye anayeumia: faili moja haiwezi kufika GB 4, kwa hiyo video ndefu hugoma kunakiliwa hata nafasi ikiwa tele.

Hatari ya kweli iko kwingine, na haisemwi vya kutosha. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi ukizizima hazizimiki kabisa. Kipengele cha Fast Startup huhifadhi hali ya kiini cha Windows kwenye diski, na NTFS hubaki kama iliyo katikati ya matumizi. Ndiyo maana mara nyingi Linux hukuruhusu kusoma tu. Tafadhali usiilazimishe. Rudi Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off ili kuzima kipengele hicho, kisha zima upya.

Folda yako ya nyumbani ya Linux iache kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, inayotunza ruhusa za faili ipasavyo. Kwa flashi, exFAT, mfumo mwingine wa faili, inatosha, mradi uichomoe kwa utaratibu.