Meno ya Konokono na Kazi Zake

Wengi hudhani kwamba konokono, kwa ulaini wa mwili wake, hana meno, ilhali kinywani mwake mna meno madogo mno, mara nyingi maelfu, yaliyojipanga safu kwa safu juu ya utepe uitwao radula. Utepe huo ni wa kitini, dutu ileile iliyomo katika gamba la kaa, nao umelazwa juu ya tegemeo lenye misuli inayousogeza mbele na nyuma kama tupa, ukikwangua chakula na kukivuta ndani. Meno ya mbele husagika na kung'oka, lakini mapya huota nyuma, katika kifuko cha radula, na utepe mzima husogea polepole kujaza nafasi. Anayetaka kujionea apake uji mwepesi wa unga kwenye kioo, amweke konokono wa bustani juu yake, kisha atazame kutoka chini: mdomo hufunguka, utepe hujitokeza, hukwangua na kurudi ndani.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walieleza kwamba meno ya Patella vulgata, konokono wa baharini anayekwangua mwani miambani, hustahimili kuvutwa kuliko hata uzi wa buibui, kwa kuwa yamejaa nyuzi nyembamba za madini ya chuma. Chaza na kome, ingawa ni jamaa wa konokono, hawana radula kabisa. Wao huchuja chembe za chakula majini kwa matamvua.

Lakini radula inayopaswa kujulikana na kila aendaye pwani ni ya konokono wa jenasi ya Conus, wenye magamba ya umbo la pia na marembo ya kuvutia, ambao wamo pia katika miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki. Kwao jino limekuwa chusa: refu, lenye uwazi ndani na ncha yenye kulabu, hujazwa sumu, hurushwa mara moja tu, kisha lingine huandaliwa. Sumu ya Conus geographus, mla samaki, imewahi kuua watu, na haina dawa ya kuipinga. Kwa hiyo asiokotwe akiwa hai, hata kwa kushikwa upande mpana wa gamba, kwani mrija wake wa kinywa hunyooka na kufika mbali. Aliyechomwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, na apelekwe haraka hospitali inayoweza kumsaidia kupumua, kwa sababu sumu hiyo hupooza misuli, ikiwemo ya kupumulia.