Kupuuza thamani ndogo za jostiki hakutoshi
Wengi wanaoandika programu za roboti huamini kwamba ukishaiagiza programu ipuuze thamani zote za jostiki (kijiti cha kuongozea, kinachotoa namba kati ya -1 na 1) zenye ukubwa ulio chini ya 0.1, kazi imekwisha. Imani hiyo ina msingi: jostiki ikiachiwa, mara nyingi hairudi kwenye sifuri kamili, na bila kizuizi hicho roboti hutambaa yenyewe.

Tatizo liko ukingoni. Kwenye 0.09 mota hupokea 0, kwenye 0.10 inapewa 0.10 kwa mkupuo. Kasi ya roboti huruka ghafla kutoka sifuri, na mwendo wa polepole, ule unaohitajika hasa roboti inapokaribia kushika kitu, unapotea kabisa. Dawa ni kupanga upya kipimo: kwa thamani zisizopuuzwa, toa 0.1 kwenye ukubwa wa thamani (namba bila alama yake), gawanya kwa 0.9, kisha rudisha alama ya chanya au hasi. Sasa 0.11 hutoa takriban 0.011, 0.55 hutoa 0.5, na 1 hubaki 1.

Jaribu mwenyewe. Inua magurudumu yasiguse chini, onyesha kwenye skrini thamani inayoingia na inayotoka, kisha sukuma jostiki taratibu sana. Fuata namba, si gurudumu pekee, maana msuguano ndani ya mota unaweza kuuficha mruko huo.