Marekani huna bima, hospitali inakufukuza? Si hivyo

Anayeikosoa Marekani mara nyingi huanzia hapa: ukifika hospitali bila bima, unaachwa ufie mlangoni. Lawama juu ya gharama za matibabu kule ni za haki kabisa, ila hili la kufukuzwa si sahihi.

Tangu 1986 ipo sheria ya shirikisho, EMTALA. Hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea malipo ya Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), yaani karibu hospitali zote, lazima imchunguze kila anayefika. Akikutwa na hali ya dharura, imtibu mpaka hali yake itulie au imhamishie panapomfaa. Hairuhusiwi kumchelewesha ili kuulizia bima. Mama mwenye uchungu wa kujifungua naye amo.

Tatizo linakuja baadaye. Sheria hiyo haisemi matibabu ni bure, wala haigusi dawa za kila siku za kisukari au presha. Mgonjwa akishatulia, wajibu umekwisha na bili inamfuata nyumbani. Hapa ndipo penye uonevu, na hapa ndipo ukosoaji ulenge.

Bili ikifika, usikimbilie kulipa kwa kadi ya mkopo. Omba mchanganuo wa kila huduma, kisha ulizia fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za kibiashara zinabanwa na sheria ya kodi kuwa na utaratibu huo kwa maandishi, na kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Wengi wanaukosa kwa kutouliza tu. Asiyejua Kiingereza vizuri aombe mkalimani wa Kiswahili, bila malipo. Asimtwishe mtoto wake kazi hiyo.