Je, wajua kwa nini riwaya huhitaji ukurasa mzima kueleza kile ambacho filamu hukionyesha kwa sekunde moja?

Chukua tukio dogo. Mwanamke amekaa ndani ya pantoni inayovuka kutoka Kigamboni kwenda upande wa pili wa Dar es Salaam, ana bahasha mkononi, na amezungukwa na wachuuzi, baiskeli, magari na wanafunzi. Filamu, ambayo kwa kawaida hupitisha picha 24 kila sekunde, humpa mtazamaji vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Mwandishi hawezi, kwa kuwa maneno huja kwa foleni: msomaji anapofika kwenye baiskeli, bahasha imekwisha kufifia akilini, na mwandishi akizidi kuorodhesha, hata yule mwanamke hupotea.

Mwaka 1766 mwandishi Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alilichambua tatizo hili katika kitabu chake kiitwacho Laokoon. Alieleza kwamba mchoro unafaa kwa vitu vilivyopo pamoja mahali pamoja, ilhali ushairi unafaa kwa vitendo vinavyofuatana. Mfano wake mmojawapo ni ngao ya shujaa Achilles katika utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale: hatuelezwi ngao iliyokwisha kutengenezwa, bali tunamtazama mhunzi Hephaestus akiifua na kuitia mapambo, moja baada ya jingine. Umbo limegeuzwa kuwa kitendo, na kitendo hakidhuriwi na foleni ya maneno.

Turudi pantoni. Mwandishi akisema kwamba bahasha ilikuwa ya kaki, imekunjamana na ina madoa ya jasho, ametupa orodha. Lakini akiandika, “Akaitoa bahasha kifuani, akainyoosha juu ya paja, akafuta viganja kwa kanga kabla ya kuigusa tena,” tumeiona bahasha na pia tumejua kwamba mwenyewe anaiogopa. Kiswahili kimejaliwa hapa, maana -ka- husukuma vitendo mbele kimoja baada ya kingine, na -ki- huviwezesha kwenda sambamba: honi ikilia, abiria wakisukumana. Hata hivyo, ukizipanga -ki- nne au tano katika sentensi moja, msomaji huchoka kuzibeba.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ukimya. Mwigizaji anaweza kuikodolea macho bahasha kwa sekunde kumi bila kutamka neno, na ukumbi mzima ukasubiri pamoja naye. Neno “alinyamaza” husomwa chini ya sekunde moja. Ili ukimya urefuke, mwandishi hulazimika kuujaza maneno, pengine muungurumo wa injini na maji yanayopiga ubavuni mwa chombo, na maneno hayo yakizidi kidogo tu, ukimya wenyewe umevunjika.

Kuna pia suala la mpangilio. Kamera haimfichi mhusika kwa urahisi, lakini kiambishi a- hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kama tukio letu lingeanza na “abiria alitoa bahasha”, msomaji mmoja angemwona mzee na mwingine angemwona kijana, na kanga ikitajwa kurasa tatu baadaye, wote wawili watalazimika kubomoa sura waliyokwisha kuijenga. Ndiyo maana kinachobadili sura ya mhusika hutajwa mapema, isipokuwa pale mwandishi anapokusudia kumshtua msomaji.

Kwa upande mwingine, sentensi kama “Alijua barua hiyo ingemtoa katika nyumba aliyozaliwa” humaliza kazi ambayo filamu ingeitafutia mandhari kadhaa au mazungumzo ya kulazimisha. Wakalimani wa filamu katika mabanda ya video, ambao husimulia kwa Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wanalifahamu pengo hilo: hawaishii kutafsiri maneno ya mwigizaji, bali humweleza mtazamaji mtu huyu ametoka wapi, ana kinyongo na nani, na anawaza nini pale anapokaa kimya.