Krismasi ya Wakorea: sikukuu ya wapenzi

Kama unafuatilia tamthilia za Kikorea, hii umeshaiona: theluji inaanguka, taa zinamemeta mtaani, kijana amesimama na boksi la keki mkononi akimsubiri msichana. Wazazi hawaonekani. Hakuna shangazi, hakuna watoto wanaokimbizana uani, hakuna mbuzi. Mtu wa kwetu atadhani mwandishi kawasahau ndugu. Hakuwasahau. Kwa watu wengi wa Korea Kusini, Krismasi ni siku ya wapenzi na marafiki, na ndugu wana siku zao.

Siku hizo ni Seollal, mwaka mpya unaohesabiwa kwa mwezi mwandamo, na Chuseok, sikukuu ya mavuno ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Hapo ndipo tiketi za treni zinagombaniwa, magari yanaganda barabarani kwa saa nyingi, na familia zinakusanyika kwa wazee na kuwaandalia mababu chakula cha heshima. Anayeijua barabara ya Moshi mwezi wa Desemba hahitaji kuelezwa zaidi. Basi Krismasi inapofika, mtu ameshakwenda kwao juzi tu na atakwenda tena baada ya wiki chache. Tena mapumziko yenyewe ni ya siku moja. Tarehe 26 watu wako kazini.

Katika mazungumzo siku hii inaitwa *keuriseumaseu*, neno la Kiingereza lililopinda hadi likaingia kwenye silabi za Kikorea, kama sisi tulivyolipinda letu. Makanisani utasikia pia *Seongtanjeol*, yaani sikukuu ya uzazi mtakatifu. Baba Krismasi wao ni *Santa harabeoji*, Babu Santa. Hilo nalipenda: mzee mwenye ndevu nyeupe Korea hawezi kuitwa kwa jina tupu.

Sasa, kwa sensa ya 2015, Wakristo, yaani Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, walikuwa kama asilimia 28 ya Wakorea Kusini, na zaidi ya nusu ya watu walisema hawana dini yoyote. Hata hivyo Desemba 25 ni sikukuu ya taifa tangu 1949, enzi za rais Syngman Rhee, ambaye mwenyewe alikuwa Mmethodisti. Kuzaliwa kwa Buddha, ambaye amekuwa na wafuasi nchini humo kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, kulisubiri hadi 1975 ndipo kukapewa siku ya mapumziko.

Lakini sikukuu ya serikali haitoshi kueleza wapenzi wametokea wapi. Kwa maoni yangu jibu kubwa liko kwenye amri ya kutotembea usiku. Jeshi la Marekani liliiweka mwaka 1945, na serikali za Korea zikaiendeleza hadi Januari 1982. Kwa miaka mingi ilianza saa sita usiku na kuisha saa kumi alfajiri. Ikikaribia saa sita watu walikimbilia basi la mwisho, na aliyekutwa nje alilala polisi. Mkesha wa Krismasi amri hiyo ililegezwa. Hebu fikiria una miaka ishirini, mwaka mzima unalazwa kama mtoto, halafu unapewa usiku mmoja wa kuzurura Myeongdong, mtaa wa katikati ya Seoul, mpaka kuche. Nani angekwenda kuumalizia sebuleni kwa baba? Amri iliondoka, mazoea yakabaki.

Na keki ndiyo alama yake. Si keki nzito ya matunda makavu. Ni keki laini iliyopakwa krimu nyeupe, juu imepangwa stroberi nyekundu, na hununuliwa dukani, haiokwi nyumbani. Stroberi Desemba? Ndiyo, kwa sababu Wakorea wanazilima kwenye vibanda vya plastiki, na msimu wake mkubwa umehamia kwenye baridi. Hoteli kubwa za Seoul hutengeneza za kifahari zinazopita won 300,000 moja, na watu huziagiza mapema. Wanaolalamika bei ni wengi, na wanaozipiga picha ni wengi vilevile.

Asiye na mpenzi ana utani wake: "Krismasi hii niko na Kevin," yaani yule mtoto wa filamu ya Home Alone, ambayo televisheni za huko zimeirudia kila Desemba hadi imekuwa kama ibada. Mwaka 2012 kulitangazwa mtandaoni mkutano mkubwa wa wapweke, bustani ya Yeouido jijini Seoul, Desemba 24, watu wakutane na kuchaguana. Wanaume wakafurika, wanawake wakawa wachache, polisi wakajaa. Watu walitania kwamba waliofaidi ni njiwa wa bustanini.

Makanisani mambo ni mengine kabisa: kwaya, maigizo ya watoto, misa ya usiku katika kanisa kuu la Myeongdong. Zamani vijana wa kanisa walikuwa na *saebyeoksong*, nyimbo za alfajiri. Walipita nyumba hadi nyumba gizani wakiimba mlangoni, mwenye nyumba akawatilia biskuti na peremende kwenye gunia. Maghorofa yameiua desturi hiyo. Ukiimba ghorofa ya tisa saa kumi alfajiri, majirani wataita mlinzi. Chungu chekundu cha Jeshi la Wokovu cha kuchangishia maskini, kilichoanza Seoul mwaka 1928, bado kipo mitaani na kengele yake.

Mwaka 1932 daktari mmisionari Sherwood Hall alitoa stempu za kwanza za Krismasi nchini Korea, ili kuchangia matibabu ya kifua kikuu. Alitaka zichorwe merikebu ya kobe, meli ya kivita ya Wakorea, ile iliyowatwanga Wajapani vitani karne ya 16. Watawala wa wakati huo walikuwa Wajapani, wakakataa, ikachorwa lango la Namdaemun. Hospitali yake ilikuwa Haeju, mji ambao leo uko Korea Kaskazini.

Huko Kaskazini hakuna Krismasi hadharani. Desemba 24 inakumbukwa kwa jambo lingine, kuzaliwa kwa Kim Jong-suk, mama yake Kim Jong-il, aliyekuwa kiongozi wa nchi hiyo. Upande wa Kusini, kwenye kilima cha Aegibong karibu na mpaka, kulikuwa na mnara wa chuma wa mita 18 uliovishwa taa kama mti wa Krismasi, zikaonekana hadi ng'ambo. Serikali ya Kaskazini iliuona kuwa uchokozi na ikatishia kuupiga. Oktoba 2014 mnara ulibomolewa na jeshi la Kusini lenyewe, kwa maelezo kwamba umechakaa.