Breki za ABS: uongo tunaolishana na ukweli wake

Nianze na ile ya kwamba gari lenye ABS linasimama fasta kuliko lisilo nayo, maana huo ndo uongo uliozaa mwingine wote. Kazi ya ABS ni moja tu, kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, na faida yake ni kwamba usukani unaendelea kukusikiliza. Tairi ikijifunga haizunguki tena, inaburuzwa, na hapo hata ukate kulia ukate kushoto gari linanyoosha tu mbele kama halijakusikia, unaenda kugonga kilekile ulichokuwa unakikwepa huku usukani umeuzungusha mpaka mwisho. Ukiwa na ABS unazamisha breki mpaka chini na bado unakwepa, hicho ndo unachokilipia.

Kuhusu umbali wa kusimama inategemea upo wapi. Kwenye lami, hasa ikiwa imelowa, mara nyingi utasimama mapema kidogo, kwa sababu tairi inashika vizuri zaidi ikiwa inateleza kidogo, yaani inazunguka polepole kuliko mwendo wa gari kwa tuseme asilimia 10 mpaka 20 hivi, kuliko ikijifunga kabisa. Sasa nenda kwenye changarawe au theluji laini uone. Pale tairi iliyojifunga inajichimbia na kujirundikia kifusi mbele yake, na hicho kifusi ndo kinalisimamisha gari, ABS yenyewe inaiachia tairi izunguke ipande juu ya kifusi iendelee mbele, kwahiyo unachelewa kusimama. Hili limeandikwa kwenye vitabu vya magari mengi tu ila nani anavisoma. Na ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kusimama tangu ukanyage breki unakuwa kama mara nne, ABS iwepo isiwepo.

Ya pili, eti pedali ikitetemeka breki zimekufa. Hii mimi ilinikuta, mara ya kwanza ABS kunifanyia kazi barabara ilikuwa imelowa, mguu ukaanza kupigwapigwa na kuna mlio wa grrrr huko mbele, nikadhani kuna kitu kimekatika nikaachia pedali, yaani niliachia breki wakati ule ule nilipozihitaji, bahati tu mbele palikuwa wazi. Kinachotokea pale ni kwamba kila tairi ina sensa inayosoma inavyozunguka, kompyuta ikiona moja inataka kujifunga inafungua vali kupunguza presha ya breki kwenye hiyo tairi halafu inarudisha, inapunguza inarudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja, zinaweza kufika 15. Mtetemo unaousikia mguuni ndo hiyo kazi. Usiachie.

Na usipampu pia! Waliojifunzia magari ya zamani walifundishwa kupampu breki kwenye utelezi na kwa magari yale walikuwa sahihi kabisa, ila ukipampu kwenye gari la ABS unaivuruga tu, kila ukiinua mguu unapoteza presha ambayo mfumo ulikuwa unaigawa. Kanyaga kwa nguvu zote, shikilia hapohapo, macho na usukani unakotaka kwenda.

Kuna wanaosema haya ni mapambo ya kisasa ya kupandishia bei. Ya kisasa wapi, teknolojia yenyewe ilianzia kwenye ndege, mfumo wa Maxaret wa Dunlop ulikuwa unatumika kwenye ndege tangu miaka ya 1950, mwaka 1966 ukawekwa kwenye gari la Kiingereza Jensen FF, halafu mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz wakaleta ABS ya elektroniki kwenye S-Class.

Wanaopinga ABS wana hoja moja nzito na lazima niikubali. Kule Munich, Ujerumani, waliwahi kulinganisha teksi zenye ABS na zisizo nayo, wakakuta idadi ya ajali haikupishana sana, kwa sababu madereva wenye ABS walijiachia, wanasogelea gari la mbele, wanakata kona kwa fujo. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, nao mwaka 2009 walitoa ripoti kwamba kwenye ajali za vifo ukijumlisha yote athari ya ABS inakaribia sifuri, vifo vya kugonga watembea kwa miguu vinapungua ila magari kutoka nje ya barabara yanaongezeka. Ripoti hiyohiyo inasema ajali zote kwa ujumla kwenye magari madogo zilipungua asilimia 6, sijui kwanini hiyo hainukuliwi kwenye mabishano. Mimi naisoma hivi: kifaa kinafanya kazi, dereva ndo anakula faida yake kwa kuongeza mwendo.

Halafu kuna mafundi wa "chomoa fyuzi ya ABS gari litashika vizuri". Ukichomoa, kwenye magari mengi ya sasa unaua na ule mfumo wa kuzuia gari kupinduka na kuzunguka, maana unatumia sensa na vali zilezile. Tairi kipara nazo haziponywi na ABS, inagawa tu mshiko uliopo, kama haupo haina cha kugawa.

Taa ya ABS ikiwaka haimaanishi huna breki. Breki za kawaida zinabaki, ulichopoteza ni ile kinga ya tairi kujifunga. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki hapo paki gari, hiyo ni habari nyingine. Mara nyingi chanzo ni kidogo, sensa imejaa uchafu, waya umekatika, au fundi kabadilisha beringi akaifunga kinyume.

Mimi gari lisilo na ABS sinunui nikiwa na uwezo wa kuchagua. Na ukienda kukagua gari lililotumika, washa swichi kabla hujapiga stata utazame dashibodi, taa ya ABS inatakiwa iwake halafu izime yenyewe baada ya muda mfupi. Kama haiwaki kabisa, huenda kuna mtu kaizima makusudi.